Tuta Lisilopandwa

Machi inapoelekea ukingoni, ukishuka teksi pale Warwick Junction, mjini Durban, na kupita kati ya wauza dawa za miti na akina mama wa mahindi ya kuchemsha, utakutana na harufu moja ambayo pua yangu huitambua kabla macho hayajaona kitu. Ni uwatu mbichi. Majani yake hufungwa vifungu vidogo na kunyunyiziwa maji, na harufu yake ni tamu yenye uchungu ndani, harufu inayong'ang'ania vidoleni hata ukinawa mara tatu. Wenzangu wa kazini huununua wakaenda kuupika na viazi. Mimi huongeza mwendo. Wanadhani siipendi mboga hiyo, nami nimewaacha wadhani hivyo. Wewe nitakueleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Cato Manor, kwenye mteremko unaoshukia kijito, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mzulu. Baba alifanya kazi kiwandani Pinetown. Aliondoka nimelala na kurudi giza limeshaingia. Mama alizaliwa bonde la Ruzizi, karibu na Uvira, na vita ndivyo vilivyotuleta huku, mimi nikiwa mgongoni. Alikuwa mtu ambaye asiposhika udongo wiki nzima huumwa kichwa. Kwa hiyo alipoona kiwanja kitupu chini ya chumba chetu, kimemezwa na nyasi, alitafuta jembe akaanza kulima.

Mimi kiwanja kile kilinitia woga tangu mwanzo. Katikati ya nyasi zilikuwapo ngazi tatu za saruji nyekundu, zilizopanda kisha zikaishia hewani. Hapakuwa na mlango wala ukuta. Kando yake uliota ule mti ambao Wahindi hutia majani yake kwenye mchuzi, na kila mama alipolima, jembe lilifukua vipande vya sahani zenye maua ya buluu. "Hapa ilikaaga watu," alisema, akaendelea na kazi.

Mavuno ya mwaka wa kwanza yalikuwa aibu. Mama alipanda kwa kalenda ya kwao, na Durban haikuijua kalenda hiyo. Kabichi alizozitegemea zilifunga viwavi badala ya vichwa, na zile zilizonusurika zikaoza kwa mvua za Januari.

Jumapili moja ya Februari tulipotoka ibadani tulimkuta mzee wa Kihindi amekaa kwenye ngazi zile, kofia magotini, anazitazama kabichi zetu kama mtu aliyekuja kumpa pole mgonjwa. Mama alisimama. Najua alichofikiri: mwenye kiwanja amekuja.

"Sitaki ardhi," mzee alisema kwa Kizulu. "Nilitaka tu kumjua anayeilima."

Aliitwa Bisun, nasi tukamwita Anko Bisun, kama watoto wote wa Durban wanavyowaita wazee wa Kihindi. Yeye na mama walizungumza Kizulu, chake kimenyooka, cha mama kimepinda, na mahali ambapo Kizulu kiliwaishia niliitwa mimi na Kiingereza changu cha shule. Alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na ngazi zile. Babu yake aliletwa kutoka kaskazini mwa India kukata miwa, na mkataba ulipokwisha akakodi mteremko huo na kupanda mboga. Baba yake aliendelea. Kisha serikali ya ubaguzi ikasema Wahindi hawatakiwi tena hapo. Yakaja malori, familia ikapelekwa Chatsworth, nyumba ikasukumwa chini na tingatinga.

"Na wengine wako wapi?" mama alimuuliza. "Ndugu zako?"

"Wote walienda," alisema.

Mama akanitafsiria vivyo hivyo: walienda. Sasa, nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na kazi moja tu. Babu alienda. Mjomba alienda. Mama hakuwahi kusema kwamba mtu amekufa vitani. Basi nikazitazama ngazi zile na kuwaona ndugu zake wote wamelala chini yake.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Alimwambia mama kwamba mboga za bustani hii hupandwa joto linapovunjika na mvua zinapoanza kuchoka. Kule kwa babu yake huwa Septemba. Huku, kwa kuwa dunia imegeuzwa, ni Machi. Kupanga ndiko kulikomchukua muda. Matuta yainuliwe kiganja kimoja ili mvua za mwisho zisizamishe mizizi. Mahali palipokuwa na kabichi pasirudishwe kabichi wala koliflawa. Figili zimwagwe moja kwa moja ardhini, sehemu moja leo, nyingine baada ya siku kumi, zisije zikakomaa zote pamoja. Njegere zingoje usiku upoe. Kitalu cha koliflawa, ambacho mama alikiita pepinyeri, alikitunza mwenyewe barazani kwake Chatsworth, chini ya kivuli cha gunia. "Koliflawa ni bibi harusi," alituambia. "Ukimharakisha ananuna, ukimchelewesha ananuna." Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Jumamosi moja ya mwanzo wa Machi nilirudi kutoka dukani nikapitia nyuma ya ule mti. Mama alikuwa kijitoni akichota maji. Anko Bisun alikuwa peke yake, akitembea polepole na kamba yake ya mafundo ya kupimia, akizungumza. Alipiga hatua, akasimama, akaelekeza fimbo chini.

"Kamala," alisema, kama mtu anayemwita mwenzake mezani. Akapiga hatua. "Rajen." Hatua nyingine. "Mohan. Lalita."

Nilijibana nyuma ya shina. Kisha akafika kwenye kipande chembamba kilichobaki kando ya njia. Akakitazama, akatabasamu.

"Zavadi," alisema.

Ndivyo alivyolitamka jina langu, Zawadi. Sikungoja lingine. Nilikimbia hadi chumbani nikajifunika shuka, nikiwa na hakika kwamba nimehesabiwa pamoja na wafu.

Laiti ningemwambia mama. Lakini niliyemwambia kwanza alikuwa Nomusa, msichana mkubwa wa pale bombani. Pale bombani mimi nilikuwa kwerekwere, mgeni asiye na lugha, na ndoo yangu ilisukumwa nyuma ya foleni kila asubuhi. Siku hiyo nilisema kwamba mzee wa Kihindi anawaita wafu kwa majina. Wasichana wakageuka. Mmoja akaivuta ndoo yangu mbele akaiweka chini ya maji, na niliposimulia, hakuna aliyenikatiza. Kesho yake walikuwa wananisubiri, wakitaka kingine. Sikuwa na kingine. Nikawaambia kwamba alipoita, sauti ya mtoto ilimwitikia kutoka chini ya ngazi.

Sikuwa nimesikia sauti yoyote.

Wiki hiyohiyo mtoto mchanga wa nyumba ya tatu alishikwa na homa kali. Mambo mawili yakashonwa kuwa moja, na Jumamosi Anko Bisun alipofika na kamba yake, watu kama kumi na tano walikuwa wamesimama njiani. Hakuna aliyempiga. Mwanaume mmoja aliichukua ile kamba mkononi mwake, bila ukali, akaitupa kijitoni. Wakamwambia asirudi tena.

Anko Bisun aliangaza macho akimtafuta mama. Mama alikuwa amesimama katikati ya matuta, jembe mkononi.

"Wewe Mkongomani," mwanaume yule alimuuliza, "unamjua huyu?"

Nilimwona mama akiangalia zile nyuso moja moja, kisha mlango wa chumba chetu. "Simjui," alisema. "Alinionyesha mboga tu."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali bei. Akavaa kofia. Alipopita karibu nami alinitazama bila hasira, akaendelea kupanda mlima kuelekea barabarani, akisimama mara mbili kuvuta pumzi. Siku mbili baadaye homa ya mtoto ikapoa, na hilo likawa ushahidi wa mwisho.

Mama hakunigombeza, maana hakujua habari zilianzia wapi. Au mimi niliamini hivyo. Alilala mapema siku zile, akielekea ukutani.

Jumapili iliyofuata lilisimama gari dogo jeupe. Alishuka mwanamke aliyebeba trei mbili za miche ya koliflawa, kila mche na majani manne. Alijitambulisha kuwa ni Sheila, binti wa Anko Bisun. Babake, alisema, hatakuja tena, kifua kinamsumbua, lakini miche isipohamishwa wiki hii itaharibika. Mama alinisukuma mbele.

"Muulize," aliniambia. "Ile majina alikuwa anaita, ilikuwa ya nani?"

Sheila alicheka, ingawa macho yake hayakucheka. "Ni shangazi zangu na baba zangu wadogo. Babu aliwagawia matuta walipokuwa watoto, kila mmoja lake, na baba bado anapanga shamba hivyohivyo. Wote wapo, wametawanyika tu; shangazi Kamala yupo Pietermaritzburg. Ukimpigia simu atakwambia koliflawa zake ndizo zilikuwa kubwa kuliko za wote."

Walikuwa hai. Kamala alikuwa hai, Lalita alikuwa hai, mmoja alikuwa muuza viatu. Nilisimama pale, nikiwa nimewazika watu wazima wenye afya zao.

Kabla ya kuondoka Sheila alimpa mama karatasi iliyochanwa kutoka kwenye kalenda. Nyuma yake Anko Bisun alikuwa amechora shamba zima kwa kalamu ya risasi: ngazi, mti, njia, na matuta yote kwa visanduku. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo tuliketi chini na mimi nikasoma. Kamala, koliflawa. Rajen, njegere, zingoje Aprili. Mohan, karoti. Lalita, spinachi. Kidole cha mama kilifuata changu. Kikafika kwenye kisanduku chembamba kando ya njia.

Kiliandikwa: Zawadi. Figili, na uwatu pembeni. Chini yake kwa herufi ndogo: huota upesi, siku tano, mtoto hachoki kusubiri.

"Na hii?" mama aliuliza. "Iko nini hapa?"

"Hakuna kitu," nilisema.

Mama alikaa na kidole chake pale kwa muda. Kisha akasema, "Haya," akainuka kwenda kuhamisha miche, maana jua lilikuwa limeshuka na huo ndio wakati wake.

Tulipanda kila kitu kama mzee alivyopanga. Bustani ile ilistawi mpaka wale waliomfukuza wakaja kuomba spinachi. Lile tuta la kando ya njia peke yake lilibaki limeinuliwa, limesawazishwa, tupu. Kila asubuhi nilipita hapo kwenda shule nikitazama upande mwingine. Hata magugu hayakuota, kwa sababu mama aliyang'oa.

Katikati ya Aprili mama alifunga majani ya spinachi kwenye kanga, tukapanda teksi hadi Chatsworth. Anko Bisun alikuwa barazani, blanketi magotini, amepungua. Mama alipiga magoti mbele yake na kumshika mikono. Alisema kwa Kizulu chake kilichopinda, "Nilisema sikujui." Mzee alimwambia ainuke, sakafu ni baridi. Halafu akanitazama mimi.

"Figili zako zimeota?"

Mama alikuwa bado kando yake. "Ndiyo, Anko," nilisema.

"Siku ya ngapi?"

"Ya tano."

Uso wake uling'aa kabisa. "Nilisema," alimwambia Sheila. "Siku ya tano."

Alikufa Juni, kabla koliflawa ya kwanza haijafunga kichwa. Miaka michache baadaye kiwanja kilijengwa nyumba na ngazi zikabomolewa. Sasa mimi ni mtu mzima, na Machi ikifika, joto linapovunjika, kuna asubuhi ninazoamka nikiwa nimesikia jina langu likitamkwa kwa ile herufi yake ya v, kwa upole, bila haraka. Sijawahi kuitika.

Mwaka jana nilimwambia mama. Tulikuwa jikoni kwake tunachambua maharagwe, nikaanza na bomba na kumalizia na ile karatasi. Aliendelea kuchambua.

"Nilijua," alisema. "Sijui kusoma, lakini karatasi zetu za ukimbizi nilizibeba miaka kumi. Kila siku ya ofisi niliangaliaga kama jina yako iko. Ningekosa kulijua?"

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nililisafisha ile tuta, nikangoja." Alitupa punje mbovu pembeni. "Na pia, mi ningekugombeza na mdomo gani? Mi nilisema simjui."

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu hapo. Nilidhani mzee ananihesabu pamoja na walioenda, kumbe alikuwa anawapanga watoto wa nyumba kwa mfuatano wa kuzaliwa, na alipomaliza na Lalita akaona bado kuna nafasi ya kitinda mimba. Mtu aliyenyang'anywa ardhi pale, palepale alinikatia kipande, mimi ambaye mahali pote nilikuwa mgeni. Hilo ndilo ambalo sikuweza kulisoma kwa sauti, na nilikuwa na umri wa kutosha kulisoma.

Mama alimimina maharagwe kwenye sufuria. "Angekuuliza leo," alisema, "ungemwambia nini?"

Niliziokota punje mbovu kiganjani. "Ningemwambia hazikuota," nikasema. "Kwamba sikuzipanda."

Mama aliwasha jiko, akafunika sufuria.

"Ungemwambia vile," alisema, "angekuletea mbegu ingine."