Nani Apande Kwanza

Orodha ya kazi za kujitolea, iliyobandikwa maktabani, ilijaa kabla ya mapumziko ya saa nne. Binti wa watu, mwenye miaka kumi na saba na uzito wa kuamka mapema, akakuta imebaki kazi moja tu: kuwasaidia askari wastaafu wenye ulemavu. Akajiandikisha fasta. Alijiona ameketi kwenye kiti cha kukunja akiwasomea wazee magazeti, wao wakisinzia. Karatasi hakuisoma mpaka chini, palipoandikwa kwamba wazee hao wangefundishwa kuzamia kwa mitungi ya hewa.

"Watu wamekatwa miguu vitani, halafu nyinyi mnawatupa majini?" bibi yake aliuliza. "Wamewakosea nini?"

Mama yake alisema tu kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akaenda kumtafutia taulo.

Bwawa lilikuwa nyuma ya chuo cha ufundi, kina chake mita nne, nusu ya vigae vimebanduka. Wanafunzi walikuwa wanne. Kapteni hakuwa na miguu kuanzia magotini, na mikononi alivaa glavu zenye utando kama nyayo za bata. Sajini alikuwa na mkono mmoja. Koplo hakuwa akiona, kwa hiyo majini alishika mkanda wa Sajini. Wa nne alikuwa mpishi wao wa kikosi, mwenye mguu mmoja na tumbo ambalo halikukubali kuzama mpaka afungwe vyuma kiunoni.

Ng'ombe hazeeki maini. Kila Jumamosi walifika saa nzima kabla ya mwalimu, wakajipanga ukingoni kwa vyeo, viti vya magurudumu na mikongojo mstari mmoja, wakasubiri kukaguliwa. Mwalimu, kijana aliyezoea kufundisha watalii, hakujua kukagua askari. Kapteni akamkagua yeye.

"Kaptula haijapigwa pasi," alisema, na mwalimu, sijui kwa nini, akaomba radhi.

Yule binti, kwa kuwa hakuwa na cheo chochote, wakampa jina la Raia. Kazi yake ilikuwa kuwavika mitungi, kupima hewa na kuzama nao, maana naye alishafundishwa mwezi mzima kabla yao.

"Raia! Mtungi wa Koplo umejaa?"

"Umejaa, afande."

"Sema kama mtu aliyekula!"

"UMEJAA, AFANDE!"

Chini ya maji mambo yalizidi kuwa vituko. Sajini alimpigia Kapteni saluti kila walipopishana, na mkono wenyewe ndio huo huo mmoja aliohitaji kubana pua ili masikio yazibuke. Alipanda juu masikio yanamwanga. Mwalimu akamwambia aache saluti. Sajini akajibu kwamba ana masikio mawili lakini Kapteni ni mmoja. Kufa na tai shingoni kulikuwa kazi yake ya kudumu.

Yote hayo yalivumilika. Lililowashinda ni kupanda juu. Mwalimu alipotoa ishara ya kupanda, hakuna aliyepanda. Sajini, Koplo na Mpishi walimngoja Kapteni, kwa sababu mdogo haondoki mkubwa akiwa bado yupo. Kapteni naye aliwangoja wao, kwa sababu kamanda hutoka wa mwisho. Wakabaki wamekaa sakafuni wanatazamana, kilichopanda ni mapovu peke yake. Ikabidi mwalimu awavute mmoja mmoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, kama mtu anayeng'oa visiki.

Hatimaye uvumilivu ukamwisha. Akasema wiki ijayo mkaguzi anakuja kuamua nani yuko tayari kuzamia baharini, na asiyepanda akiambiwa apande hataenda huko na wenzake, atafutwa darasani. Alikuwa akimtazama Kapteni. Na Kapteni aliitaka bahari kuliko kitu chochote. Majini, alikuwa akisema, hakuna mtu anayemsukuma.

Siku hiyo, wakikausha mitungi, Raia alimvuta Sajini pembeni.

"Kwani afande si awaamuru tu mpande?"

"Ameshatuamuru mara kumi. Tumekataa kwa heshima."

"Sajini, mtamfukuzisha!"

Sajini alikunja taulo kwa mkono wake mmoja, taratibu, pembe kwa pembe. "Sikiliza, mwanangu. Siku aliyopoteza miguu alikuwa amezimia. Tukampakia yeye kwanza garini. Sisi watatu tulitoka baadaye, wengine hawakutoka. Tangu siku hiyo hatoki wa kwanza popote pale. Hata benki humngoja mlinzi atoke kwanza. Jumamosi ya kwanza hapa tulipanda kama tulivyoambiwa, yeye akabaki chini. Mwalimu alipomtoa, akasema kuna watu hawajatoka bado." Akaliweka taulo juu ya mengine. "Sasa tukipanda tena tukamwacha, nani atajua kama atakuja?"

Raia alimaliza kukausha mitungi. Alirudi nyumbani, akaacha chakula nusu, mpaka bibi yake akauliza kama sasa wazee wameanza kumzamisha na yeye.

Jumamosi ikafika, na mkaguzi naye akafika na ubao wake wa karatasi. Kapteni akamwangalia suruali, akaridhika. Wanne wakazama, Raia akazama nao. Walivua miwani wakaivaa tena, wakapeana hewa, wakazunguka bwawa vizuri ajabu. Hata saluti ya Sajini ilikuwa fupi. Kisha mwalimu, kule juu, akagonga ngazi ya chuma mara tatu. Pandeni.

Wakakaa.

Raia aliangalia vipimo vya hewa: bado kiasi, lakini si cha kuchezea. Akamwonyesha Kapteni ishara ya kupanda. Kapteni akawaonyesha wenzake. Wenzake wakamwonyesha yeye. Ngazi ikagongwa tena, safari hii kwa hasira. Raia akahisi machozi ndani ya miwani yake. Alikuwa anampenda mzee huyu mwenye kelele, na alikuwa anamwona anapoteza bahari yake hivi hivi, kwa adabu.

Basi akaacha kutoa ishara. Akashuka, akakunja miguu, akakaa sakafuni katikati yao.

Kapteni akamwonyesha juu. Raia akatikisa kichwa. Kapteni akaonyesha tena kwa ghadhabu. Raia akafunga mikono kifuani kama mtoto aliyenyimwa kitu dukani. Kapteni akakishika kipimo cha hewa cha binti, akakisoma, akamtazama usoni. Askari anaweza kumngoja askari mpaka dunia iishe. Lakini mtoto wa watu, raia, yuko chini na hewa yake inapungua, na kamanda yupo!

Akamkamata kwa mkanda wa begani na kupanda naye, akipiga maji kwa ile glavu moja iliyobaki huru.

"Raia yuko salama!" alinguruma alipotoa kichwa. "Mpokeeni!"

"Nani kamwokoa nani?" mkaguzi aliuliza, kalamu hewani.

Lakini Kapteni alikuwa amekwishagundua alipo. Yuko juu. Wa kwanza. Uso ukamsinyaa, akageuka kurudi chini, na hapo hapo Sajini akaibuka mbele yake. Nyuma ya Sajini, kwenye mkanda, Koplo. Kisha Mpishi, tumbo kwanza. Kapteni akawagusa vichwa kwa glavu yake ya bata, mmoja mmoja. Alikuwa analia waziwazi na hakujificha.

Mwalimu akaleta kiti cha magurudumu ukingoni. Kapteni hakukitazama. Alishika ukingo, macho yake yako kwenye sakafu ya bwawa, huku wenzake wakimsubiri majini, midomo ikiwatetemeka kwa baridi.

Raia akamsogelea. "Afande, hakuna mtu chini."

"Una hakika?"

"Nimetoka huko na wewe. Wote wametoka."

Akatazama tena, muda mrefu. Kisha akainua mikono yote miwili ili watu wamtoe, na wale watatu wakabaki majini wakimwangalia akitangulia.