Kiti cha Abiria

Watu walimwita Sindano, na usidhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kushona makochi. Ni urefu na wembamba. Akikaa kwenye kiti cha mtu wa kawaida, magoti yanamkaribia kidevu, na kwa miaka hamsini na mbili alikuwa amekaa hivyo hivyo, nyumbani kwa watu, hospitali na kwenye misiba.

Alilala chumba cha nyuma ya karakana yake. Kitanda, jiko, redio, basi. Mkewe aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, wala hawakugombana. Alisema tu kwamba nyumba ile ina ukimya unaomla, akafunga nguo zake. Binti yao aliolewa mbali. Kila Ijumaa alipiga simu akauliza, "Umekula, baba?" na Sindano akajibu amekula, hata kama sufuria ilikuwa kavu tangu asubuhi. Baada ya hapo angeweza kukaa siku mbili bila kusema neno jingine zaidi ya kumtajia mteja bei.

Kilichokuwa kinamweka mjini ni Jumapili alasiri. Hapo ndipo alipokuja Breki, dereva mstaafu wa malori, mfupi, mcheshi, mwenye jina lile kwa sababu enzi zake hakuwahi kupita mahali penye chai bila kusimama. Walitandika ramani juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakaikandamiza kwa mkasi na nyundo, wakaanza. Miaka sita, jamani! Watavuka mpaka huu, watapumzika pale, watalikata jangwa kwa siku nne, kisha wataendelea juu, nchi baada ya nchi, hadi barabara iishe.

"Na kurudi?" Sindano aliuliza mara ya kwanza.

"Kurudi wapi? Nani anatungoja?" Breki akacheka.

Sindano naye akacheka, maana kweli hakuna aliyekuwa anamngoja, na kwa mara ya kwanza jambo hilo halikumuuma.

Mwaka huu mambo yakaiva. Breki alinunua pikapu kuukuu, akaifumua injini na kuisuka upya. Viti vilikuwa vimeoza, kwa hiyo kazi hiyo ikawa ya Sindano. Akaacha kupokea kazi nyingine. Akampa mwenye nyumba taarifa kwamba mwisho wa mwezi ujao anahama. Akamwambia na binti yake, naye kwanza alilia, halafu akaangua kicheko: "Baba! Wewe ambaye hata sokoni unamtuma jirani?"

Kisha Breki akapotea. Jumapili ya kwanza alisema ana mafua. Ya pili, ana wageni. Ya tatu hakusema kitu. Sindano alichemsha chai ya watu wawili, akanywa kikombe chake, na baada ya saa nzima akanywa na cha pili, kikiwa baridi. Jumatatu ukaja ujumbe kwenye simu: kiti cha dereva kama tulivyokubaliana, cha abiria, kutoka mgongoni hadi ukingoni, sentimita arobaini na moja.

Sindano alicheka peke yake hadi akashika ubavu. Arobaini na moja! Huyu bwana, mpe usukani, lakini futi usimpe. Nani wa kukaa hapo, mtoto wa shule? Hata hakujisumbua kumuuliza. Alijipima mwenyewe, kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, akakata sponji kwa sentimita hamsini na tatu.

Alikishona kile kiti kwa wiki nzima. Mishono miwili kila upande, maana safari ni ndefu. Alipokimaliza alikiweka sakafuni juu ya matofali, akakikalia. Haki ya nani, magoti yake yalitulia. Akafumba macho, akakaa pale hadi maji ya chai yakakauka jikoni.

Jumamosi asubuhi pikapu ikasimama mlangoni. Breki akashuka, na upande wa pili akashuka mama mmoja mfupi, mnene kiasi, mwenye uso wa bashasha.

"Sindano," Breki alisema, huku akiangalia tairi. "Huyu ni shemeji yako. Tumeoana wiki mbili zilizopita. Kimyakimya tu."

"Hongereni," Sindano akasema, na alimaanisha, kwa sababu bado alikuwa hajaelewa.

Mama yule alikiona kiti. "Ndicho hiki? Jamani, kizuri!" Akakikalia na kujisukuma nyuma ili aegemee. Miguu ikabaki hewani. Akaitazama, akacheka. "Fundi, umempima nani wewe? Mbona nilikuwa nimeshapimwa?"

Ndipo Sindano akaelewa. Iliingia polepole, kisha yote kwa mpigo. Breki hakuwa amekosea hata sentimita moja.

Alimfuata kule kwenye tairi.

"Nilikuwa nakuja kukwambia," Breki alinong'ona.

"Jumapili ipi?"

"Ndugu yangu, pikapu ina viti viwili tu."

"Najua. Mimi ndiye niliyevishona."

Sindano angemtukana pale pale, nani angemlaumu? Mimi ningemtukana. Lakini mama wa watu alikuwa amekaa pale, hajui lolote, anabembeza miguu na kusifia mishono. Sindano akajikaza. Akachukua futi.

"Samahani shemeji, kosa ni langu. Egemea vizuri." Akampima. Arobaini na moja, kamili. "Njooni Jumatatu, kitakuwa tayari."

"Ahsante, shemeji. Unajua tunakwenda mbali? Hata siku ya kurudi hatuna!" Akamkazia macho kwa upole. "Na wewe je? Hujawahi kutamani kwenda?"

Breki alikuwa ameshaingia garini.

"Natamani," Sindano alisema. "Natamani sana."

"Basi usikae na kazi tu, shemeji. Tafuta rafiki mmoja, mpange pamoja polepole. Safari kama hii haifai mtu peke yake."

"Nitatafuta," Sindano akamwambia, akamfungulia mlango wa gari.