Siku Nilipoishiwa na Dhambi

Kila nisikiapo chuma kikigongwa kwa chuma, hata kwa fundi wa baiskeli tu, shingo hunikakamaa. Kengele ya kanisa letu pale Bigwa ilikuwa kipande cha reli ya Wajerumani kilichoning'inizwa mlangoni, na ilipolia Jumamosi asubuhi nilijua zamu imefika ya kumwambia Mwalimu Vinsenti neno baya nililolisema wiki ile.

Hiyo ndiyo desturi aliyotuwekea sisi tuliokuwa tukijiandaa kubatizwa, watoto kwa wakubwa. Tulijipanga barazani, kila mmoja akamnong'oneza neno lake, naye akampa sala za kutubia. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, kanzu yake ikinukia sabuni. "Mungu anasikia mpaka lile unalolimeza," alipenda kutuambia. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona nakaribia utakatifu. Shida ni kwamba watakatifu huishiwa na dhambi, na Jumamosi ile sikuwa na hata moja ya kunong'ona.

Nikatoa ya mama.

Wiki ile jirani yetu, Mzee Kolwa, alikuwa amemzika mkewe. Ukoo wake na ukoo wa mama ni watani, na kwetu Waluguru mtani ana kazi yake msibani: kuwatukana wafiwa mpaka wacheke, huzuni isije ikawaua na wao. Mama, na tumbo lake la miezi minane, aliketi katikati ya njia ya makaburini asipite mtu.

"Mchawi mkubwa we, Kolwa! Mkeo umemla, sasa nani atakupikia, kima we?"

Mzee Kolwa alikuwa hajala wala kusema neno tangu juzi yake. Akacheka huku machozi yakimtiririka. "Nipishe, mwizi wa kuku!"

Mimi nilimnong'oneza Mwalimu hivi: "Mama kamwita Mzee Kolwa mchawi. Kasema amemla mkewe." Basi. Utani sikuutaja, wala kicheko. Mwalimu akanipapasa kichwa, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, nikarudi nyumbani nikirukaruka.

Jumapili yalisomwa majina ya watakaobatizwa Padri atakapopita wiki ya pili. La mama halikusomwa. Alikuwa amezika watoto wawili waliofia tumboni, na wa pili nusura aondoke naye. Baba alikuwa mbali, akitandika mataruma ya reli huko Kilosa. Mama alikuwa na ombi moja tu: uchungu wa safari hii umkute amebatizwa.

Akasimama. "Mwalimu, na mimi?"

"Kinywa kilichomwita jirani mchawi kitulie kwanza, mama. Tutaonana Pasaka."

"Ni mtani wangu, Mwalimu."

"Hayo ni ya kipagani. Keti."

Njia nzima alijiuliza nani amesema, na tulipofika nyumbani alikuwa ameshakata shauri kuwa ni wifi yake, shangazi yangu, aliyekuwa karibu naye makaburini. Hakumsalimia tena. Nami, mpenda kweli mkubwa, ghafla nikawa mtoto mkimya sana.

Uchungu ulianza Alhamisi alfajiri. Shangazi alikuja bila kuitwa. Kufika adhuhuri sauti za wanawake ndani zilikuwa zimeshuka, nami nikaelewa maana yake. Mzee Kolwa akasogea mlangoni.

"We kima! Usithubutu kufa. Nani atanitukana mimi?"

Tukangoja. Mama hakujibu.

Nilikimbia mpaka misheni, nikamkuta Mwalimu akipalilia kabichi. "Ni watani," nikasema. "Mzee Kolwa alicheka. Nilijua. Sikuwa na dhambi ya kusema, nikataka unisifu."

Nilingoja fimbo. Aliweka jembe chini, akachota maji kwenye kibuyu, akakunja kanzu, akapanda kilima pekupeku, nami nyuma yake. Alipiga magoti kwenye udongo kando ya mama. "Nisamehe, mama," akasema, ndipo akammwagia maji kichwani, kama inavyoruhusiwa mtu anapokuwa hatarini. Jua lilikuwa bado halijatua mdogo wangu alipolia. Mama alipona.

Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu, nikafundishwa kwa taabu kubwa namna ya kupima kama kauli ni ya kweli. Kauli yangu ya barazani ingefaulu vipimo vyote. Ya mama ingeanguka neno kwa neno: Kolwa hakuwa mchawi, hakumla mtu, na kima hakuwa. Ilinichukua miaka mingi kukiri ni ipi kati ya hizo mbili iliyotoka kwenye moyo mchafu.

Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, nilijikaza nikamwambia mama yote. Hakuinua macho kwenye mboga aliyokuwa akichambua.

"Nilijua siku ile ile. Niliuona uso wako nyuma ya Mwalimu. Kesho yake nikamwomba shangazi yako radhi."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusema kwa hasira. Nikaona nisubiri ziishe."

"Zikaisha lini?"

Akachambua jani jingine.

"Mwaka juzi," akasema.