Mlango Uliomeza Hodi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani zangu wa mtaa wa Chanji wananiita kobe, na sijawahi kupata hoja ya kuwajibu. Nafuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, sebuleni, kando ya dirisha, na kwa baridi ya kwetu wateja hawakosekani. Kidato cha nne nilimaliza, cheti ninacho, lakini katika yote niliyofundishwa, kinachonilisha ni kuhesabu tu. Mfumaji akikosea kuhesabu mistari, mtoto anavaa sweta lenye mkono mmoja wa kwake na mmoja wa baba yake.

Sasa hesabu kwenye nyumba ile ilikuwa vita. Kushoto kuna mashine ya kusaga. Kulia kuna fundi wa kuchomelea mageti. Nyuma kuna kwaya inayofanya mazoezi ya wimbo mmoja ambao mpaka leo hawajaupatia. Nikifika mstari wa themanini, mashine inanguruma, nasahau, nafumua. Mke wangu, ambaye anauza maharage sokoni, alikuwa akirudi jioni ananikuta na sweta fupi kuliko alilokuwa ameliacha asubuhi. Akawa ananiuliza kama wateja wangu siku hizi wanazaliwa wakubwa wanarudi utotoni.

Ndipo nikampata fundi seremala mmoja aliyekuwa akijisifu kuwa anaujua mlango usiopitisha kelele. Aliwahi kuufunga kwenye studio ya redio, akaufunga kwenye chumba cha jenereta, akaufunga na kwenye gesti iliyogusana ukuta na baa. Wageni wa kwanza wa gesti ile, alisema, walilala mpaka wakaachwa na basi. Mhudumu alikuja kuwaamsha, akaita wee, hawakusikia kitu. Nilicheka sana. Mtu mwenye akili angeacha kucheka akauliza swali. Mimi nikaagiza mlango.

Ulikuwa mlango kweli. Mbao nzito mbili, katikati pumba za mbao zimeshindiliwa, upande wa ndani sponji iliyofunikwa ngozi ya kochi, na mpira wa kuziba upenyo pande zote, hadi chini kwenye kizingiti. "Kelele ni kama panya," fundi aliniambia. "Ukimwachia kitundu, amepita." Dirisha nalo tukaliziba kioo chake pembeni. Siku ya kwanza nilipoufunga, nilishtuka, nikadhani nimekuwa kiziwi. Ilibidi nikohoe ili nihakikishe. Mke wangu aliingia, akausukuma, akasikiliza ule ukimya, akasema nimejijengea jeneza lenye dirisha. Sikumjali. Siku ile nilimaliza masweta mawili, yote yenye mikono inayolingana.

Hapo ndipo anapoingia bibi yangu, mzaa baba, ambaye ndiye aliyenilea na bado anaishi kwake kijijini Mollo. Kama bibi wengine, ananiita mume wangu, na mke wangu anamwita mke mwenzangu. Jicho lake moja lilikufa zamani. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho, na kila mwaka alikuwa anaona ukungu zaidi kuliko mwaka uliopita. Kisu cha daktari alikiogopa kuliko upofu. Mwaka huu madaktari wa macho walipokuja mjini kwa wiki moja, tulimbembeleza mpaka akakubali, ila akaweka sharti: atatokea nyumbani kwa mume wake, na atarudi nyumbani kwa mume wake. Tukapatana nimchukue Alhamisi. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari.

Jumatano jioni mke wangu alirudi kutoka sokoni, akaketi bila kutua kikapu.

"Hongera," aliniambia.

"Ya nini?"

"Ya kumwacha mke mkubwa. Mollo nzima wanajua. Mimi nimeambiwa na mama aliyeleta maharage."

Nilidhani ni utani wake wa kila siku. Nilipomtazama usoni, nikaiacha mashine. Bibi alikuwa amekuja. Alipata bodaboda iliyokuwa inakuja mjini asubuhi ile, akaona hakuna sababu ya kungoja kesho, akapanda na jogoo wake wa zawadi. Akasimama mlangoni pangu, akapiga hodi. Bibi hagongi mlango. Kugonga, kwake, ni kazi ya mgambo. Na alitulea hivyo: hodi ni tatu, ukiitwa karibu unaingia, usipoitwa unaondoka na heshima yako. Alipiga zote tatu, akapanda bodaboda ileile, akarudi Mollo na jogoo. Njia nzima alikuwa anasema ameachika, na kwamba jicho halitibiwi tena.

Wakati huo mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nafuma kwa raha zangu. Usiku ule sikula.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Mollo. Mlango wa bibi ni wa mbao zilizoachana. Paka anapita bila kuufungua. Nikapiga hodi. Ndani nikasikia mwiko ukikwangua sufuria. Nikapiga ya pili, nikasema shikamoo. Mwiko ukaendelea. Jamani, mimi nimewahi kutukanwa, nimewahi kuitwa kobe mbele ya wakwe, lakini shikamoo isiyoitikiwa na mtu aliyenifundisha kuisema ilinitoa jasho kwenye baridi. Nikapiga ya tatu. Kisha, kwa aibu, nikaongeza.

"Hiyo hodi ya ngapi?" sauti ilitoka ndani.

"Ya nne, bibi."

"Ya nne ni ya mwizi. Rudi kwako. Jana nilikuona dirishani. Kivuli tu, lakini nilikuona. Nikaita, ukatikisa kichwa. Nikaita tena, ukatikisa."

Ni kweli. Nikihesabu mistari huwa natikisa kichwa. Nikamweleza hivyo kupitia nyufa za mbao, nikamweleza na habari ya mlango, pumba, sponji, mpira. Halafu akauliza polepole kama anauliza habari za mgonjwa: "Yaani umeuvalisha mlango godoro?"

"Ndiyo, bibi."

"Na siku ukianguka humo ndani, ukaita, atakusikia nani?"

Miezi yote ile nilikuwa nimefikiria sauti zinazoingia tu. Zinazotoka sikuwahi kuzipigia hesabu, mimi mtu wa kuhesabu.

Alitoka na jogoo kwapani. Alikubali kuja, lakini kwa mtihani: nitaingia ndani, nitafunga, yeye atapiga hodi zake tatu. Nisipoitikia, anarudi kwake na jicho lake lilivyo. "Na mke mwenzangu asiniitikie," aliongeza. "Yeye hajaniacha."

Kwa hiyo mchana ule niliingia nyumbani kwangu nikafunga mlango, na dunia ikazimika. Nikachungulia dirishani kwa wizi. Nikaona mdomo wake ukifunguka. Nikapaza sauti, "Karibu, bibi!" Yeye akabaki ameelekeza sikio mlangoni, kasimama vilevile. Hakusikia. Mdomo ukafunguka tena. Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Bibi akamgeukia mke wangu, aliyekuwa amemshikia jogoo, akanyoosha mkono arudishiwe. Mlango wangu haukuwa na upendeleo. Ulikuwa unammeza na mwenye nyumba.

Nikakwapua mkasi wa nyuzi, nikalala kifudifudi, nikaung'oa ule mpira wa chini kwa mikono na meno. Vumbi la pumba likaniingia puani. Mashine ya kusaga ikaingia, kwaya ikaingia, na katikati yake, nyembamba, sawasawa na sakafu, ikaingia hodi ya tatu.

"Karibu!" niliitikia, midomo ikigusa kizingiti.

Kisha nikamsikia akimwuliza mke wangu, "Nani kaitikia huko chini? Panya?"

Ijumaa alifanyiwa upasuaji, wa mwisho kwenye foleni. Siku ya kufunguliwa bandeji tulikaa mbele yake wote wawili. Alipepesa jicho, akamtazama mke wangu kwanza, akatabasamu. Kisha akanigeukia, akanikagua kuanzia utosini, taratibu, kama anayekagua sweta lililofumwa vibaya.

"Mke mwenzangu," alisema, "kumbe ni huyu ndiye tuliyekuwa tunamgombania?"

Alipomaliza kucheka, akaniitikia ile shikamoo ya Mollo.