Ng'ombe Walioitwa Mara Tatu

Rhoda Adhiambo alikuwa amezoea kulaumiwa umeme ukikatika, mtandao ukigoma, hata printa ikiishiwa wino. Kulaumiwa kwa ajili ya ng'ombe kulikuwa kugeni kwake. Kulianza siku mzee Kisyeri wa Nyakunguru alipoingia ofisi ya chama cha wafugaji mjini Tarime, fimbo mkononi na matope ya josho la Genkuru yakiwa bado kwenye viatu vyake.

Rhoda alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa chama hicho, naye alikuwa peke yake. Mzaliwa wa Utegi, alisomea Mwanza, kisha akarudi karibu na nyumbani kwa sababu mama yake, ambaye mabinti zake wengine wote wameolewa Migori, ng'ambo ya mpaka, aliapa kwamba hatabaki na mtoto wa kuonana naye Krismasi tu. Kazi aliipenda. Programu ya chama ilikuwa na orodha ya wafugaji na tarehe za chanjo za mifugo yao. Kila asubuhi ilitazama nani ana zamu ya chanjo kesho yake, ikamtumia ujumbe kwenye simu.

Alimsalimia mzee shikamoo. Mzee aliitikia, akakaa, akauliza kama yeye ndiye anayewaita. Kisha akaeleza. Alipata ujumbe wa kumtaka alete ng'ombe kesho. Alipata ujumbe huo mara tatu. Kwa hesabu yake hizo zilikuwa kesho tatu, kwa hiyo alipeleka ng'ombe Genkuru siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza walichanjwa. Siku mbili zilizofuata alikuta josho tupu na mbuzi wa mtu wakila majani.

Rhoda alimwomba radhi, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi kumweleza meneja. Bwana Ildefonce, mtu wa Ngara, alikuwa mpole, lakini aliamini kwamba kompyuta ikikosea kuna mtu wa nje amekosea. Akaamuru ipigiwe simu kampuni ya simu. Kampuni ikajibu kwamba imeletewa jumbe tatu, nayo imepeleka tatu. Ikapigiwa simu kampuni ya Mwanza iliyotengeneza programu. Kijana wa huko akasema kwake inafanya kazi vizuri, na akashauri wazime wawashe. Walizima. Wakawasha. Kesho yake ujumbe ukaenda mara tatu.

Jibu Rhoda alilipata akinywa chai, na lilimkera kwa wepesi wake. Zamani chama kilikuwa na seva moja tu, hapo Tarime. Wanachama walipoongezeka, bodi ikataka seva nyingine Sirari na nyingine Mugumu, ili moja ikizimika ofisi zisikwame. Zote tatu zilisoma kanzidata moja, hifadhi ya orodha na tarehe zote, iliyokodishwa Dar es Salaam. Programu nzima ilinakiliwa kwenye kila seva, pamoja na ile kazi ya asubuhi. Kila seva iliamshwa na kanzidata, ikaona orodha ileile, ikatuma. Hakuna iliyojua kwamba ina wenzake.

Alizima kazi hiyo Sirari na Mugumu, akaiacha Tarime peke yake, na kwa siku chache kukawa na amani. Kisha umeme wa Tarime ukakatika kutwa nzima na hakuna aliyepata ujumbe. Bwana Ildefonce akauliza kwa nini bodi ilinunua seva tatu kama inatumika moja. Akataka zote ziwashwe siku hiyohiyo. Rhoda akaziwasha, huku akijua kitakachotokea, na kikatokea.

Ndipo akaamua kutengeneza zamu. Ndani ya kanzidata aliweka nafasi moja tu ya kuandikwa jina. Seva itakayowahi asubuhi inaandika jina lake pale. Nyingine zikikuta jina la mwenzao zinakaa kando. Iliyowahi ikishamaliza kutuma, inaweka alama kwamba wafugaji wa leo wameshaambiwa, kisha inafuta jina lake. Alilijaribu jambo hilo kwa uangalifu na likafanya kazi. Wiki hiyo ilipita bila mtu kupiga simu. Bwana Ildefonce alimsifu mbele ya watu, Rhoda akampigia mama yake kumwambia.

Lakini ujumbe ukija mara tatu watu hulalamika. Usipokuja kabisa, hakuna anayejua kwamba ana cha kulalamikia. Ilichukua siku kadhaa mpaka bwana mifugo wa Genkuru alipouliza kwa nini amefungua chupa ya chanjo na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeletwa. Chupa ikishafunguliwa haiwekwi, aliimwaga. Rhoda akafungua kanzidata, akakuta jina la seva ya Mugumu limekaa pale tangu wiki iliyopita. Mugumu ilishika zamu, umeme ukakatika katikati ya kazi, ikazimika kabla ya kufuta jina. Tarime na Sirari zilikuwa zikipita kila asubuhi, zikilikuta jina la mwenzao na kukaa kando.

Alilifuta. Lakini kabla bwana mifugo hajapata chanjo nyingine, chambavu, ugonjwa wa ng'ombe ambao chanjo yake ndiyo hiyo iliyomwagwa, iliingia Nyakunguru. Mzee Kisyeri alipoteza mitamba wawili. Safari hii hakuja ofisini, alipiga simu.

"Binti," alisema, "mlipoita mara tatu nilikuja mara tatu. Mliponyamaza, na mimi nikanyamaza."

Rhoda alisema pole, na akahisi neno lenyewe lilivyo dogo. Baada ya hapo alifunga mlango wa chumba cha seva, akafanya kazi kwa hasira. Akaipa zamu mwisho wake: seva ikishika nafasi inaandika jina pamoja na saa ambayo zamu yake itakwisha. Saa hiyo ikipita, mwenzake yeyote anaruhusiwa kulifuta jina hilo na kushika zamu yeye. Sasa seva ikizimika njiani, nyingine itapokea kazi.

Kesho yake wafugaji walipata ujumbe mara mbili.

Alisoma kila mstari wa alichoandika na hakuona kosa. Keshokutwa yake ujumbe ukaenda mara moja. Siku iliyofuata, mara mbili. Bwana Ildefonce alichungulia mlangoni, akauliza kama isingefaa wazime wawashe. Rhoda akafungua orodha ya zamu za siku zilizopita. Alipotulia aliona kwamba ujumbe ulirudiwa zile siku tu ambazo Mugumu ndiyo iliwahi zamu. Katika siku hizo, zamu ya Mugumu ilionekana imeisha tangu usiku, kabla hata haijaanza. Tarime iliikuta hivyo ikaipokonya, nazo zikatuma zote mbili kwa wakati mmoja.

Alimpigia Isack, karani wa ofisi ya Mugumu, mtu msikivu anayependa kusaidia zaidi ya alivyoombwa. Akamwomba amsomee saa iliyo kwenye seva.

"Hiyo niliirekebisha mimi mwenyewe," Isack alisema. "Umeme uliporudi nilikuta inaonyesha mwaka mwingine kabisa. Nikaweka tarehe sawasawa, na saa."

"Uliweka saa ngapi?"

"Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nikaandika mbili."

Rhoda akamwambia kwamba kwa kompyuta, mbili ni saa nane za usiku; saa mbili asubuhi ni nane. Isack akasema kwamba saa ya ukutani pale kwake inasoma mbili, na yeye aliandika alichokiona. Hakuwa na ubishi ndani yake, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kumkasirikia.

Kumwelekeza Isack kulichukua dakika chache. Lakini Rhoda hakuishia hapo, kwa maana saa ikishapotea mara moja itapotea tena. Alibadilisha programu ili seva yoyote isitazame saa yake yenyewe. Kila moja ikitaka kujua wakati, iulize kanzidata, na jibu liwe moja kwa wote. Akaongeza pia alama kwa kila mfugaji aliyekwisha kutumiwa, ili seva inayopokea kazi njiani isianze upya. Kisha kwa makusudi akazima Mugumu katikati ya kazi. Sirari ikasubiri zamu iishe, ikapokea, ikamaliza. Akajaribu kwa Sirari, akajaribu kwa Tarime. Kila mfugaji alipata ujumbe mmoja.

Asubuhi iliyofuata simu ya ofisi haikutulia. Wafugaji waliuliza kwa nini safari hii ujumbe umekuja mmoja tu, au chanjo imeahirishwa.

Siku ya chanjo Rhoda alipanda gari la bwana mifugo kwenda Genkuru. Hakuna aliyemtuma. Mzee Kisyeri alikuwa pale na ng'ombe wake, amewapanga kwenye uchochoro wa josho. Rhoda alimsalimia, akasimama naye mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Habari za mitamba mzee hakuzigusa. Alimuuliza tu kama na kesho wanatakiwa waje.

"Hapana, mzee. Ni leo tu."

Mzee alitazama simu yake, akairudisha mfukoni.

"Sawa," alisema. "Lakini kesho nitapita niangalie."