Sabuni ya Wifi

Mama ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi midomo yake ndiyo ilikuwa kishikio cha pini. Akikupima, amebana pini tano, na ukimuuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Siku alipoota kinundu ulimini, kigumu, ukubwa wa punje ya mahindi, pini zikamshinda. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiishi kwetu na kutupikia, hakuchelewa kupata sababu. Akaeneza mtaa mzima kwamba wifi yake ana ulimi mchafu, kamsengenya mtu asiye wa kuchezewa, na sasa yamemtokea puani. Yalikuwa yamemtokea ulimini, lakini shangazi hajawahi kuhangaika na ukweli.

Wateja wakapungua. Baba, ambaye neno la dada yake kwake ni sheria, akampa mama hadi mwisho wa mwezi: amtaje aliyemsengenya na amwombe radhi, au afunge virago. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo.

Mama hakubishana. Alikwenda hospitali, kinundu kikakatwa na kupelekwa maabara. Daktari akamweleza kwamba ni kifuko cha maji, na ndani yake amejikunyata mtoto wa tegu, mnyoo wa nyama ya nguruwe. Wengi huwapata misulini au kwenye ubongo. Ulimini ni nadra. Mama akaapa kwamba nyama ya nguruwe hajawahi kuionja. Daktari akasema hilo si kitu: mayai hutoka na choo cha mtu mwenye tegu tumboni, na mtu huyo asiponawa vizuri, anawalisha wenzake bila kujua. Basi nyumba nzima tukapelekwa kupimwa choo.

Majibu yalipotoka, aliyeitwa ndani kwa daktari na mlango ukafungwa ni shangazi peke yake.

Jioni alimfuata mama chumba cha kushonea, nami nilikuwepo, nafumua pindo. Akasema ndiye yeye, kapewa dawa, na tafadhali kaka yake asijue. "Wifi, nisitiri."

Mama alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na hakuinua macho. "Nitakusitiri. Ila kwanza nenda kamwambie kaka yako kwamba yale ya kusengenya ulinitungia. Halafu kila tukipata wageni, sabuni nitakuletea mimi."

Alikwenda, akasema, akalia. Virago havikufungwa.

Sasa ni miaka kumi na moja. Wageni wakija, kabla ya chakula mama huchukua beseni, jagi na sabuni, akawapita wote hadi kwa shangazi, akamsubiri asugue mpaka viwikoni. Wageni humsifu mama, wakisema hawajaona mtu anayemheshimu wifi yake namna hiyo. Shangazi hutabasamu. Taulo hulishika mimi, na simpi mpaka nione amesugua na kucha.