Steki ya Jumamosi

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, nilikaa chini katikati ya uwanja bila mtu kunigusa. Mpira ulikuwa upande wa pili kabisa. Refa alinipita mara mbili akidhani nafunga viatu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kiungo wa klabu moja kubwa ya hapa Birmingham, Mhindi pekee katika kikosi, na miguu yangu ilikuwa imegoma.

Nitakueleza kilichonifikisha hapo, ila usinicheke kabla sijamaliza.

Tulihamia huku kutoka Kisumu mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati watu wetu wengi walipofunga maduka na kuondoka. Tukapanga nyumba mtaa wa Lozells. Baba, ambaye Kisumu alikuwa na duka lake la vitambaa, akapata kazi ya kung'arisha shaba katika karakana moja ya mtaa wa jirani, Hockley, na kila jioni alirudi na kucha nyeusi. Klabu iliponiita hakufurahi wala hakukataa. Alisema, "Nakupa mwaka mmoja. Wasipokupa mkataba mwingine, utakuja kukaa karakanani pamoja nami." Kwa hiyo mwaka ule wote nilicheza roho ikiwa mkononi.

Sasa, klabu za Uingereza wakati ule zilikuwa na desturi yao. Siku ya mechi, saa tano asubuhi, wachezaji walikusanyika hotelini na kila mmoja akawekewa sahani ya steki. Waliamini nyama ya ng'ombe ndiyo nguvu ya mchezaji. Na mimi ni mtoto wa nyumba ya Kihindu ambayo nyama haijawahi kuvuka kizingiti chake.

Wewe labda ungesema. Mimi sikusema. Niliogopa kwamba nikianza kuchagua chakula wataona mimi si mwenzao; tayari jina langu liliwashinda kutamka, wakawa wananiita Jimmy. Basi kila Jumamosi nilikaa karibu na beki mmoja wa miraba minne aitwaye Frank, na meneja akigeuka tu, steki yangu inahamia sahani yake. Frank hakuuliza kitu. Alinipenda sana mtu yule, na mpaka leo sijui kama alinipendea mpira au nyama. Mimi nilibaki na kipande cha mkate na chai.

Mama alikuwa akinifungia chapati na viazi kila asubuhi ya mechi. Nazo niliziogopa. Niliogopa harufu ya bizari katika chumba cha kubadilishia nguo, niliogopa watakavyokunja pua. Nikawa nazitupa kwenye pipa la kituo cha basi, huku nikiangalia nyuma kama mwizi. Hilo linaniuma kuliko yote ninayokueleza hapa.

Wazee walisema njaa mwana malegeza, na mimi ilinilegeza kila wiki saa ileile. Kipindi cha kwanza pasi zangu zilifika. Ikipita saa moja ya mchezo, uwanja unaanza kurefuka mbele yangu. Meneja akaandika kwenye daftari lake kwamba sina pumzi. Mashabiki nao wakaanza kusema Wahindi hawana pumzi. Unaona nilivyojifunga mwenyewe? Nilinyamaza ili watu wangu wasisemwe, na kunyamaza kwangu ndiko kulikowapa watu la kusema. Ikafika mahali naiogopa Jumamosi tangu Alhamisi.

Jumamosi ile niliyokaa chini walinipeleka hospitali. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo kutoka Ahero, jirani na Kisumu, Sista Akinyi. Alipoona kwenye fomu kwamba nimezaliwa Kisumu, akaacha Kiingereza, akanigeuzia Kiswahili.

"Umekula nini leo, kijana?"

"Chai, Mama. Na mkate."

"Na mkate. Halafu ukaenda kukimbizana na wanaume."

Nikamweleza yote, steki, Frank, chapati za mama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alinisikiliza huku ameshika mkono wangu akihesabu mapigo, kisha akaniletea chai yenye sukari nyingi na biskuti.

"Wewe huna ugonjwa," akasema. "Uko na njaa, na uko na uoga. Hiyo njaa nimeitibu. Hiyo ingine utajitibu mwenyewe. Monday uende umwambie huyo boss wako. Hawa Wazungu si waganga, hawawezi jua kitu hujasema. Mficha uchi hazai. Hukusikia hiyo huko nyumbani?"

"Niliisikia, Mama."

"Basi Monday."

Nikaahidi. Jumatatu nikaenda hadi mlangoni pa meneja, nikasikia anaongea na simu, nikarudi. Jumanne alikuwa amenuna. Jumatano alikuwa anacheka na wageni, nikaona si vizuri kumharibia furaha. Kila asubuhi ndani ya basi nilijizoeza sentensi moja tu, "Samahani bwana, mimi sili nyama," mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa. Nilijiambia kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Zikapita wiki tatu, na Frank akazidi kunawiri.

Mwisho wa msimu klabu huandika orodha ya watakaobaki, na asiyekuwemo ameachwa. Nilijua siku zinakaribia, na bado ulimi ulikuwa mzito. Siku nilipopata ujasiri niliingia bila hata kubisha hodi, nikamwaga maneno yangu yote. Meneja aliweka kalamu chini akanitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu nianze, bwana."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Mke wangu hali samaki," akasema polepole. "Mpishi angekupikia maharage na jibini tangu siku ya kwanza. Ungeniambia tu." Akajisugua uso kwa viganja. "Orodha imetoka asubuhi hii, kijana. Jina lako halimo. Nafasi yako nimeshampa mtu mwingine."

Sikulia mbele yake. Nililia kwenye basi, ghorofa ya juu, kiti cha mwisho. Niliachwa kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, na dawa yake nilikuwa nayo mdomoni kwa wiki tatu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikaenda Hockley kukaa karibu na baba. Hakunisimanga, alinionyesha tu namna ya kushika kitambaa. Niling'arisha vitasa vya milango mwaka mzima na jioni nikikimbia, mpaka klabu ndogo ya daraja la nne ikanichukua. Siku ya kwanza pale, kabla sijavua koti, nilimfuata mpishi jikoni nikamwambia sili nyama. Akasema, "Haya, maharage utakula?" akaendelea kumenya viazi. Nilicheza pale misimu minane, karibu miaka yote ya sabini, dakika tisini kila wiki. Lakini klabu kubwa haikuniita tena, na nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma.

Basi nisikilize, mwanangu. Jambo linalokutofautisha na wenzako liseme mapema, kwa sauti ya kawaida, unavyosema unapokaa na jina lako nani. Ukilificha, watu wataona pengo na watalijaza kwa wanayoyajua wao. Na mkubwa akishakuonya, usimjibu kwa kesho, maana woga haupungui kwa kulazwa, unaamka umenenepa. Wapo watakaokucheka, sikufichi. Waache wacheke. Mtu aliyeshiba huvumilia kicheko.

Mungu akuweke kwenye meza ambayo hutahitaji kuchungulia nani anakutazama. Akupe watu wenye masikio, na ujasiri akupe kabla orodha haijatoka.